Masikio yananiwasha kisha yanauma kila nikizamia siku kadhaa mfululizo, nyie mnazuiaje?

mbizi_changa

Habari zenu wadau. Mwenzenu nina shida ya masikio na nimeshachoka nayo kwa kweli. Nilimaliza kozi ya kuzamia na mtungi mwaka jana, mpaka sasa nina mbizi kama arobaini hivi, na nikizamia mara moja halafu nikapumzika wiki nzima sipati shida yoyote. Tatizo linakuja nikienda safari ya kuzamia siku nyingi, yani zile za mbizi tatu au nne kwa siku. Siku ya kwanza poa, ya pili poa, ya tatu naanza kusikia muwasho ndani ya sikio, ule muwasho mtamu ambao ukikuna unataka kukuna tena, na ikifika siku ya nne usiku siwezi kulalia upande huo, sikio likigusa mto tu naruka. Safari iliyopita asubuhi nikakuta majimaji ya njano kwenye mto na nikakosa mbizi mbili za mwisho, ambazo ndo nilikuwa nazisubiri kuliko zote.

Ninachofanya sasa hivi ni hivi, nikitoka majini natingisha kichwa, naruka ruka kwa mguu mmoja, kisha nachukua zile stiki za pamba nakausha mpaka pamba itoke kavu kabisa. Usafi najitahidi sana, mara mbili hata tatu kwa siku, kwa hiyo sielewi uchafu unaingilia wapi.

Sasa kwenye boti kila mtu ana lake. Mmoja kaniambia nitie spiriti, mwingine siki, mwingine mafuta kabla ya kuzamia, mwingine kasema nitafute vizibo vya masikio niachane na mawazo. Halafu kuna kitu kingine sijui kama kinahusiana, sikio la kulia mara nyingi baada ya kuzamia nalisikia limejaa, kama kuna maji yamebaki ndani, nitingishe nisitingishe hayatoki. Mwenye uzoefu anielekeze jamani, nina safari nyingine baada ya wiki sita na sitaki tena kukaa juu ya boti nikiwaangalia wenzangu wanavaa mitungi.

mzee_wa_mtungi

Pole sana mdogo wangu. Kwanza kabisa hizo stiki za pamba zitupe leo, hata usizibebe safarini. Hicho unachokiita usafi ndo kinachokuumiza.

Angalia vidole vyako ukitoka kwenye mbizi ndefu. Vimekunjamana, vyeupe, ngozi imelainika kiasi kwamba ukikwaruza kidogo tu kwenye jiwe inachubuka. Sasa ngozi ya ndani ya sikio ni nyembamba kuliko hiyo ya vidole na yenyewe imelowekwa muda uleule, halafu wewe ndo unaingiza kijiti na kusugua mpaka kikavu. Michubuko unayoiacha huioni wala huisikii siku hiyo. Unakuja kuisikia siku ya tatu.

Njia ya sikio ya mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 2.5 hivi, na mwisho wake ni ngoma ya sikio, yani ni kichochoro kisichotokea upande wa pili. Ile nta ambayo watu wanaiita uchafu imewekwa pale kwa kazi yake, ni ya mafuta kwa hiyo inazuia maji kuikaa ngozi, na ina asidi kidogo ambayo bakteria hawaipendi. Ukiloweka sikio saa nzima mara nne kwa siku kwa siku tatu, nta inaoshwa, asidi inapungua, ngozi inavimba, ndani kuna joto na giza. Kuna bakteria anaitwa Pseudomonas anapenda mazingira kama hayo kupita kiasi, na mara nyingi ndo huyohuyo anayekutoa machozi usiku. Kwa hiyo hata ukizamia kwenye maji safi namna gani ugonjwa unaweza kukupata, maana shida kubwa ni unyevu unaobaki.

Jipime hivi siku ukisikia maumivu. Shika sikio lako livute juu na nyuma taratibu, au bonyeza kale kanyama kadogo kaliko mbele ya tundu. Ikiuma zaidi basi uwezekano mkubwa ni ngozi ya njia ya nje, ndo hili tunalozungumzia. Kama kuvuta hakuumizi ila unasikia maumivu ya ndani kabisa au kujaa, hilo ni jambo lingine na dawa za kudondoshea sikioni hazitakusaidia.

Kuzuia sasa. Ukitoka majini, suuza masikio kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi ikikaukia mle ndani inavuta unyevu. Lakini yawe maji safi ya kunywa kutoka kwenye chupa. Usije ukachota kwenye lile pipa la kusuuzia maski, nimeona watu wazima wanafanya hivyo. Pipa lile watu ishirini wametumbukiza maski walizotemea mate na kupengea kamasi tangu asubuhi, we unalimiminia sikioni. Hapana aisee.

Kisha matone. Yale yenye asidi ya asetiki asilimia 2 yanapatikana duka la dawa, na kama huyapati wazamiaji wengi wanachanganya siki nyeupe na spiriti nusu kwa nusu. Siki inarudisha asidi, spiriti inakimbiza maji. Ila sasa hapa ndo watu wengi wanakosea, wanadondosha tone mbili, wanainuka, yanamwagika, wanasema dawa haifanyi kazi. Jeshi la Majini la Marekani lilihangaika sana na masikio ya wazamiaji wao, hasa wale wanaokaa siku nyingi kwenye vyumba vya presha vyenye unyevu muda wote, na mwongozo wao wa uzamiaji unasema kitu kimoja kirahisi tu, jaza njia ya sikio, kaa umeinamisha kichwa dakika 5 kila sikio, tena wanasisitiza upime kwa saa, usikadirie kwa kichwa, maana zisipofika tano faida inapungua sana. Asubuhi, jioni, na kila baada ya kuzamia.

Dakika tano ukiwa umelala kwenye benchi la boti inayoyumba ni ndefu kuliko unavyodhani. Mi nilikuwa nadhani nakaa tano kumbe siku niliyopima ilikuwa moja na nusu.

pweza7

Mimi naona mnakuza mambo. Miaka minane natumia spiriti peke yake, tone tatu tatu kila nikitoka, natingisha, naendelea na maisha, sijawahi kuumwa hata siku moja. Siki inanuka na inakera wenzako kwenye boti. Na saa nyingine nikifika chumbani napuliza draya ya nywele basi, limekauka.

nesi_wa_zamu

Samahani naingilia, mimi ni nesi na pia nazamia, haya masikio nayaona pande zote mbili.

@pweza7 wewe una bahati ya masikio, wapo watu wa hivyo. Spiriti peke yake inakausha kweli, ila ukiitumia kila siku mara nne inatoa na ile nta na kuikausha ngozi mpaka inapasuka, halafu muwasho unaanza na mtu anadhani anahitaji spiriti zaidi. Ya draya nakuunga mkono kabisa, ila iwe kwenye joto la chini au baridi, iwe mbali kama sentimita 30, na sikio ulivute juu na nyuma ili njia inyooke hewa iingie. Wengi wanapuliza nje tu.

Sasa @mbizi_changa naomba unisikilize hapa vizuri maana naona wote wanakupa matone na hakuna aliyekuuliza ngoma ya sikio ikoje. Usitie siki wala spiriti kama ngoma ina tundu, kama uliwahi kuwekewa vimirija masikioni, au kama sikio tayari linauma na kutoa majimaji. Kwenye ngozi iliyochubuka utapiga kelele boti nzima isikie, hilo dogo. Ila ikipita kwenye tundu na kuingia sikio la kati inaweza kukuletea madhara kweli. Dalili za tundu ni kama maumivu makali ghafla majini kisha yakaisha ghafla, kizunguzungu maji yalipoingia, majimaji yenye damu, au ukibana pua na kupuliza unasikia hewa inatokea sikioni. Ukiwa na moja kati ya hizo usiweke kitu chochote, nenda ukaangaliwe kwanza. Daktari anamulika na kile kitochi chake nusu dakika tu anajua.

Matone yenyewe yapashe joto kwanza kwa kufumbata chupa kiganjani dakika chache. Ya baridi yakigusa karibu na ngoma yanaleta kizunguzungu cha ajabu, unashika kiti ukidhani boti imepinduka. Nimeshaona mtu anatapika kwa ajili hiyo tu, wakamdhania ana ugonjwa wa presha ya kina, ule wa viputo mwilini baada ya kupanda.

Ikitokea limeshaumwa, yani kuvuta kunauma na unatoa majimaji, hapo kuzuia kumepita. Unahitaji matone ya antibayotiki ya kutia sikioni, mara nyingi kwa siku kama 7 hadi 10, na saa nyingine yanakuwa na dawa ya kupunguza uvimbe ndani yake. Njia ikivimba mpaka ikaziba daktari anaweka kautambi kadogo ili dawa ifike ndani. Vidonge vya kumeza kwa wengi havihitajiki, na nawaomba sana msikopeshane matone kwenye boti, maana yapo ambayo yana gentamaisini au neomaisini, hayo yakipita kwenye ngoma iliyotoboka yanaweza kuua usikivu. Na ukitumia antibayotiki hovyo hovyo kila ukiwashwa unakaribisha fangasi, utaona muwasho hauishi na vitu vyeupe au vyeusi kama unga vinatoka. Hiyo ni tiba nyingine kabisa.

Na kuzamia unaacha mpaka daktari akuruhusu, kwa kawaida siku 7 mpaka 10 sikio liwe kavu. Ukioga, pamba iliyopakwa mafuta ya mgando mlangoni tu mwa sikio, usiisukume ndani.

Mwenye kisukari au kinga dhaifu yeye asisubiri kabisa, akisikia maumivu siku hiyohiyo aende, kwa sababu kwao ugonjwa unaweza kutoka kwenye ngozi ukaingia kwenye mfupa wa fuvu, na huo si mchezo.

kamba_kochi

Kuhusu vizibo naomba niseme mimi maana nilikuwa mjinga kabla yako.

Nilikuwa na vile vizibo vya kawaida vya kuogelea, nikasema mbona rahisi, maji hayaingii sikio halilowi, tatizo limeisha. Nikashuka navyo. Mita ya pili nasikia kubanwa, nikabana pua nikapuliza, ikawa mbaya zaidi. Mita ya nne hivi nikasikia kizibo chenyewe kinanyonywa kuingia ndani kama kuna mtu anakivuta, nikapanda juu nalia ndani ya maski. Daktari alikuta malengelenge ya damu kwenye ngoma. Kumbe kati ya kizibo na ngoma kuna hewa imefungiwa, presha ya maji inaongezeka pande zote ila pale katikati hakuna njia ya kuisawazisha, ukipuliza pua unasukuma ngoma kutokea ndani kuelekea hukohuko inakovutwa, ndo unajimaliza.

Vipo vizibo vya wazamiaji vyenye katundu kadogo, hivyo presha inapita, ila na maji yanapita pia kidogo kwa hiyo usitegemee sikio kavu. Mi siku hizi sivai chochote.

Kofia ya mpira nayo ina mchezo huohuo ikibana sana masikioni. Kabla hujashuka ivute pembeni maji yaingie ndani kwenye masikio yote mawili, usikie yamejaa, ndo uende. Watu wa maji ya baridi sana endeleeni kuvaa hizo kofia, maana maji baridi ya miaka mingi yanaotesha vinundu vya mfupa ndani ya njia ya sikio, watu wa kuteleza kwenye mawimbi wanavijua, na njia ikishakuwa nyembamba maji yakiingia hayatoki.

mbizi_changa

Dah. Asanteni wote, kumbe stiki! Nilikuwa najiona msafi kweli. @nesi_wa_zamu tundu sidhani kama ninalo ila nitaenda kuangaliwa kabla ya safari.

Lakini hamjanijibu lile la sikio la kulia kujaa. Mzee kasema kama kuvuta hakuumi ni jambo lingine. Sasa la kulia kuvuta hakuumi. Linakuwa tu limeziba, nasikia sauti yangu mwenyewe kama niko ndani ya ndoo, nikimeza mate linalia kr kr, na linakaa hivyo siku nzima saa nyingine mpaka kesho yake. Nimeshalala upande huo na taulo nikisubiri maji yatoke, hakuna kitu. Kuwasha na kuumia kule kuko la kushoto zaidi.

mzee_wa_mtungi

Basi una mambo mawili tofauti kwenye masikio mawili, na ndo maana hakuna dawa moja iliyokusaidia.

Hayo ya kulia si maji uliyotoka nayo baharini. Ngoma ikiwa nzima maji ya nje hayawezi kupita kwenda nyuma yake, kwa hiyo utatingisha kichwa mpaka shingo iume. Kilichopo huko ni cha kwako mwenyewe. Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo cha hewa, kina mrija unaoshuka mpaka nyuma ya pua, ndo huo unaoufungua ukibana pua na kupuliza. Ukishuka bila kuufungua mapema ile hewa inabanwa, chumba kinakuwa na mvuto, ngozi ya ndani inavimba na kuvuja majimaji, saa nyingine na damu, mpaka nafasi ijae. Ndo huko kujaa na huo mlio wa kr kr. Matone ya sikioni hayafiki kule, hata uweke chupa nzima.

Sasa niambie ukweli, unaanza kusawazisha lini? Nakubashiria, ukisikia maumivu. Wanafunzi wengi ndo hivyo. Juu ya maji presha ni angahewa 1, mita 10 ni 2, mita 20 ni 3, yani mita kumi za kwanza hewa yako inabanwa mpaka nusu, kumi zinazofuata inatoka nusu inakuwa theluthi tu. Kwa hiyo fujo yote iko juu juu, pale ambapo wewe bado unahangaika na maski na kumtafuta mwenzako alipo. Ukichelewa mpaka iume mrija unakuwa umeshabanwa na ukipuliza kwa nguvu haufunguki.

Fanya hivi. Sawazisha mara moja juu kabla kichwa hakijazama, hata kama husikii haja. Shuka miguu ikitangulia, shika kamba kama ipo, na sawazisha kila baada ya nusu mita hivi kwenye hizo mita za mwanzo. Puliza kama unayempulizia mtoto kidonda, usipulize kama unajaza tairi, nguvu nyingi inaweza kujeruhi sikio la ndani kabisa. Wengine kupuliza kunawagomea, basi bana pua umeze mate, au ubane pua ufanye kama unatamka K nzito kooni. Likigoma panda mita moja, subiri, jaribu tena. Likigoma tena, mbizi imeisha, toka, hakuna atakayekucheka, na akicheka badilisha mtu wa kuzamia naye.

Ukiwa na mafua usizamie. Najua watu wanameza vidonge vya kufungua pua, tatizo dawa ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa inashindwa kutoka wakati wa kupanda, na huko huwezi kusema naahirisha, lazima upande tu.

Jambo moja zaidi. Kama unatumia hewa iliyoongezwa oksijeni na kujaa kunakuja asubuhi ya kesho yake wakati mbizi ilikwenda vizuri, inaweza kuwa oksijeni iliyobaki kwenye kile chumba inafyonzwa na mwili usiku ukiwa umelala humezi mate sana. Ukisawazisha kidogo kidogo kabla ya kulala na ukiamka inapungua. Ila kwa maelezo yako wewe kunaanza ukitoka tu, kwa hiyo naona ni kushuka vibaya.

nesi_wa_zamu

Naongezea hapo kwa mzee. Kujaa peke yake kwa kawaida kunapungua kwenyewe ukikaa juu siku kadhaa, mpaka liwe limefunguka kabisa ndo unarudi majini. Lakini kama baada ya mbizi unapata kizunguzungu kisichoisha, mlio mkali sikioni, au usikivu umeshuka ghafla upande mmoja, hapo usiseme maji yameingia ukalala. Hiyo ni siku hiyohiyo kwa daktari, na umwambie ulikuwa unazamia, kina gani na saa ngapi, usimwachie akisie. Inaweza kuwa sikio la ndani limejeruhiwa au ni viputo vya hewa, na kila saa ina maana.

pweza7

Na mafuta je? Kabla ya kuzamia. Mi sijawahi ila kuna jamaa anaapia kabisa.

mzee_wa_mtungi

Tone mbili za mafuta laini kabla ya mbizi ya kwanza zinafunika ngozi badala ya nta iliyooshwa, wapo wanaofaidika hasa wenye ngozi kavu. Sioni ubaya kama ngoma ni nzima na sikio halina ugonjwa. Ila usichanganye ratiba, mafuta kabla, siki na spiriti baada. Nilishaona mtu anaweka mafuta baada ya kutoka, juu ya maji yaliyobaki, kayafungia mle ndani na kifuniko kabisa.

mbizi_changa

Narudi kutoa ripoti maana huwa nachukia watu wanaouliza halafu wanapotea.

Nilienda kumulikwa. Ngoma zote mbili nzima. La kushoto daktari akasema ngozi imejaa mikwaruzo ya zamani, akaniuliza natumia nini, nikaona aibu kusema. La kulia akaona bado kuna majimaji kidogo nyuma ya ngoma kutoka safari iliyopita, wiki zote hizo! Akanipa muda wa kukaa kavu, akaniangalia tena, ndo akaniruhusu.

Safari ndo nimerudi juzi, siku sita, mbizi kumi na tisa. Stiki sikubeba. Kila nikitoka nasuuza kwa chupa yangu, nalala ubavu kwenye benchi, kichupa nimekishika kiganjani tangu navua suti kiwe vuguvugu, najaza, naweka saa dakika tano. Mara ya kwanza kwenye dakika ya pili nilikuwa tayari nimeshachoka, nasikia vile vitone vinachezacheza ndani kama mtu anatafuna karibu na sikio, mpishi wa boti ananiuliza kama naumwa. Siku ya tatu nikaona watu wawili wengine wamelala kwenye benchi lilelile, mmoja kichwa huku mwingine kichwa kule, wanasubiri saa ilie. Harufu ya siki ilikuwepo ndio @pweza7, tumevumiliana.

La kushoto siku ya nne liliwasha kidogo jioni, nikakaza roho sikulikuna, asubuhi likawa kimya. La kulia nimekuwa nasawazisha kuanzia juu, miguu kwanza, mwenzangu alikuwa ananisubiri chini huku akiangalia saa yake, mbizi moja nikashindwa kabisa nikapanda nikawaachia waende. Iliuma kwenye roho ila sikio halikujaa.

Swali la mwisho, kile kichupa nimekiacha kwenye begi la vifaa juani siku zote sita na kimebaki nusu. Nikitunze kwa safari ijayo au nimwage?

nesi_wa_zamu

Mwaga. Spiriti itakuwa imepungua kwa joto na mdomo wa chupa umegusa masikio yako mara zote hizo. Changanya mpya safari ikifika, na kila mtu awe na chupa yake, hao wawili wa kwenye benchi wasiwe wanachovya kwako.